Gari Jekundu la Marehemu Faustini

Ninyi vijana wa Kamembe mnaopita mbele ya nyumba yangu mkinionyesha kwenye simu picha za magari mafupi yenye milango miwili, nataka tuelewane mapema: sina chuki na gari la mbio. Nimelala chini ya magari tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi mpaka magoti yalipokataa, na gari la mbio ndilo pekee lililowahi kunisahaulisha chakula. Ninachochukia ni picha. Picha haitoi moshi, haina harufu, na haikuambii ni nani alikuwa chini ya gari wiki iliyopita akiwa na spana mkononi.

Jina langu ni Shabani, ila garajini waliniita Shaka, na sikulikataa. Mke wangu anasema mimi hata chai nainusa kabla ya kuinywa. Ni kweli. Nimeona gia boksi iliyotiwa unga wa mbao ili isilie mbele ya mnunuzi. Nimeona tangi la mafuta lililotoboka likazibwa kwa sabuni ya mche na kupakwa rangi juu. Nimeona mita ya kilomita ikirudishwa nyuma hadi gari la babu likawa kijana kuliko wajukuu zake. Mtu aliyeona hayo, akiambiwa karibu, huuliza kwanza karibu wapi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rajabu, aliyekuwa na garaji nyuma ya soko, pale ambapo siku hizi wanauza vitambaa. Yeye alitufundisha kumtazama mtu kabla ya kutazama gari. Alikuwa akisema muuzaji husimama karibu na aibu yake. Siku moja alikuja mfanyabiashara kutoka Bukavu na gari safi la kung'aa, akaegemea mlango wa kushoto, akaanza kulisifu. Mvua ikaanza kunyesha, sote tukaingia chini ya bati, yeye akabaki ameegemea pale pale akitabasamu. Mzee Rajabu akamwita kwa upole aje anywe chai. Alipoondoka tu, Mzee akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaizungushia kitambaa ili isikwaruze rangi, akaiweka juu ya ule mlango. Ikaanguka chini. Akaiweka chini kidogo, ikaanguka tena. Bati la mlango lilikwisha zamani. Mlango mzima ulikuwa wa mastiki, ule ujiuji mgumu wa kuzibia mabonde ya bati.

Huyu huyu Mzee Rajabu, pamoja na ujanja wake wote, aliwahi kununua gari bila kulifungua, kwa sababu muuzaji alikuwa mtu anayesimama naye safu moja msikitini. Alisema angeona haya kumkagua. Mkanda wa injini ukakatika katikati ya msitu wa Nyungwe, nyani wakaja kumtazama barabarani, akarudi mjini juu ya lori la mbao. Hakugombana na mwenzake. Alimwambia tu, "Kusali tutasali pamoja, na boneti tutafungua pamoja." Neno hilo lishikeni. Mkanda wa mpira, kwa gari lililo nao, huzeeka hata gari likiwa limelala. Usiulize limetembea kilomita ngapi tu; uliza mkanda ulibadilishwa lini na nani, na asipojua, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Sasa niwaeleze habari ya gari jekundu, maana ndilo mnaloniuliza kila mara, na kila mtu anaieleza kivyake.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi. Kijana mmoja anaitwa Innocent, fundi wa umeme kwenye kiwanda cha saruji kule Muganza, alikuja kwangu Jumamosi moja mchana, shati limepigwa pasi kama mtu anayekwenda kuposa. Na kweli alikuwa anakaribia kuoa. Mchumba wake alikuwa wa Huye, na ndoto yake ilikuwa kumleta bibi harusi hapa kwetu Rusizi kupitia Nyungwe ndani ya gari la mbio. Alikuwa amelipata: gari dogo la Kijapani, jekundu, viti viwili, lenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, mali ya mjane aitwaye Maman Neema, anayekaa kwenye mteremko unaotazama ziwa.

Gari lenyewe nililifahamu kwa kuliona likipita. Marehemu Faustini, mume wa huyo mama, alikuwa fundi kwenye mitambo ya umeme ya mtoni, na ndiye mtu pekee niliyemwona akiendesha gari la mbio kama amebeba trei ya mayai. Akifika kwenye tuta, alilipita kwa upande, gurudumu moja moja, taratibu kabisa. Kwa hiyo nilijua lilikuwa limetunzwa. Jambo hilo halikunituliza. Gari lililotunzwa na marehemu lina kipindi ambacho hakuna anayekijua vizuri, kile cha tangu mazishi hadi leo.

Nilimuuliza Innocent ni nani anayeshughulikia mauzo. Akasema ni Deo, mdogo wake marehemu. Nikamuuliza kama amemwambia Deo saa tutakayofika. Akasema ndiyo, amempigia simu, na Deo amefurahi sana. Nikajikuna kichwa. Vijana, mkienda kuona gari lililotumika, msimwambie mtu saa. Fikeni kabla hajalipasha moto. Injini baridi ni kama mtu aliyeamshwa ghafla. Haina muda wa kutunga uongo. Ikiwaka baridi ndipo utaona moshi wa bluu wa mafuta yanayoungua, au utasikia minyororo ikigonga kabla oili haijapanda. Ikishapata moto, aibu nyingi hunyamaza.

Tulipofika, gari lilikuwa limeegeshwa uani, limeoshwa, magurudumu yamepakwa dawa ya kung'arisha. Niliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto. Deo alikuwa mwanamume mnene wa uso mzuri, mwenye kucheka kabla ya kusema. Alikuwa na sababu, tena ya kueleweka: nyumba ya mjane haikuwa na geti, kwa hiyo gari lilikuwa likilala uani kwake kule Nkanka tangu msiba, na alikuwa amelileta asubuhi hiyo hiyo.

"Mzee, hii gari iko kama mupya," akaniambia. "Kaka yangu alikuwa anaipenda kuliko chakula."

Nikamwambia ni vizuri, tutangoja lipoe.

"Ipoe ya nini? Mota ya moto njo inawaka muzuri."

"Njo maana," nikamjibu, nikatafuta kigoda nikaketi.

Mwenye nyumba akatoka. Maman Neema alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kitenge cha kazi, mikono ina harufu ya sambaza kwa sababu alikuwa akianika dagaa hao nyuma ya nyumba. Alitusalimu vizuri, akatuletea chai ya maziwa. Hakusifu gari hata neno moja. Alisema tu kwamba analiuza ili apate mtaji wa kununua sambaza kwa wavuvi wa Nkombo na kuvusha samaki hao hadi Bukavu, na kwamba akiliona pale anakumbuka mambo. Nakubali kwamba kwa tabia yangu nilianza kumshuku na yeye. Muuzaji asiyesifu mali yake ama ni mkweli ama ni mjanja wa daraja la juu, na mimi kazini nilikutana na wajanja wengi kuliko wakweli.

Tulipokuwa tunangoja, Innocent alichomeka chini ya usukani kifaa chake kidogo kinachozungumza na simu. Kwetu zamani, kusikiliza injini tuliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni; ndiyo ilikuwa kompyuta yetu, na watu walidhani tunazungumza na majini. Hicho kifaa chao ninakiheshimu. Innocent akasoma, akanionyesha: hakuna kosa hata moja. Deo akapiga makofi madogo. Lakini kijana hakufurahi. Akaninong'oneza kwamba kumbukumbu ya gari imefutwa siku si nyingi, kwa maana mifumo mingine bado haijamaliza kujikagua upya. Nikaona huyu kijana anafaa. Kutokuwepo kwa makosa ni habari njema, lakini kufutwa kwa makosa ni habari nyingine kabisa.

Wakati wote huo niliona Deo hatulii. Alizunguka, akacheka, akasimulia, lakini mwisho wa kila mzunguko alirudi kusimama penye gurudumu la mbele la kulia. Nikakumbuka mlango wa mastiki. 

Gari lilipopoa, Innocent akaliwasha. Liliitika mara moja, likanguruma kwa sauti nzito ya kupendeza, na nikaona macho ya kijana yakilegea. Hapo ndipo pesa za watu hupotea. Nikamwambia azime, asogee, aangalie ziwa kidogo. Nikafungua kifuniko cha oili: safi, hakuna ule utando mweupe kama mtindi unaoonyesha kwamba maji yameingia. Maji ya radieta yalikuwa na rangi yake. Mwili haukuwa na mastiki popote. Sumaku yangu ilishika kila mahali. Springi hazikukatwa, wapo watu wanaozikata kwa msumeno ili gari liwe fupi zaidi, halafu kwenye kona linaruka kama mbuzi. Chini ya tumbo lake hapakuwa na mikwaruzo ya matuta. Hii ilikuwa kazi ya Faustini, nikamwombea rehema.

Deo akaona nimelainika. Akachomoa ufunguo, akamwekea Innocent kiganjani, akamwambia ashuke nalo mpaka karibu na daraja la mpakani arudi, ili ajisikie mfalme. Innocent akaniangalia. Mkono wake ulikuwa umeshafumba ule ufunguo.

Nikamwambia arudishe. Gari ambalo hujaziona breki zake halishuki mlima, tena mlima wetu huu wenye kona na watu na baiskeli za ndizi. Deo akasema wazee wanapenda kuchelewesha mambo. Mara ya kwanza alipocheka bila meno kuonekana ilikuwa hapo.

Tukaweka jeki, kisha chini ya chuma tukaweka magogo mawili ya mbao ngumu. Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama mnachukua tu sarafu iliyoviringika. Innocent akafungua gurudumu la mbele la kulia. Nikavaa miwani, nikainama.

Diski ilikuwa imeliwa hadi ikawa na ukingo kama sahani. Ile ya kushoto, tulipoifungua, ilikuwa ya aina nyingine kabisa, unene mwingine. Pedi ya ndani, upande usioonekana ukichungulia kati ya vyuma vya ringi, ilikuwa imekwisha. Chuma kilikuwa kinasaga chuma. Magurudumu ya nyuma, breki zake zilikuwa nzuri sana, zinalingana, zimefungwa kwa usafi. Kaeni chini mfikirie jambo hilo kama nilivyolifikiria mimi pale. Mtu gani anatunza breki za nyuma kama mboni ya jicho na kuacha za mbele zikose hata pedi?

Tukavua bomba linaloingiza hewa kwenye turbo. Hii ni kazi ndogo, msione uvivu kuifanya. Ingiza vidole, shika ncha ya mhimili wa feni, uutikise. Ukiwa mzima unacheza kidogo sana, ni kama hauchezi. Huu ulicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na vidole vyangu vikatoka na oili. Turbo hiyo ingekohoa moshi kabla bibi harusi hajafika nusu ya msitu.

 Innocent akageuka kumtazama Maman Neema aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe, na uso wa kijana yule ukabadilika. Alikuwa amelipenda gari, na mtu aliyependa huumia kwa hasira.

"Maman," akasema, "kumbe mulitaka kuniuzishia kifo?"

 Mama yule akakiweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Deo akajibu kwa niaba yake, haraka, kwamba mjane ana shida, tusimwonee, bei inaweza kuzungumzwa. Alisema hivyo kwa sauti ya huruma. Na mimi nikamsikiliza, nikajiuliza kwa nini mtu anayemtetea shemeji yake anaanza kwa kukubali kosa lake.

Nikarudi chini na tochi. Na sasa nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona tangu mwanzo bila kukitia maanani. Kwenye kila nati ya breki za nyuma kulikuwa na mstari mwembamba mweupe wa rangi, uliopigwa kwa brashi ndogo, unaanzia kwenye nati na kuendelea juu ya chuma kilicho pembeni yake. Kwenye springi, hivyo hivyo. Kwenye mikono ya usukani, hivyo hivyo. Mistari yote ilinyooka. Lakini kwenye breki za mbele na kwenye nati zinazoshika turbo, mistari ilikuwa imevunjika: nusu moja inatazama huku, nusu nyingine inatazama kule. Na pembeni za nati hizo ziling'aa kwa mikwaruzo mipya ya spana.

Sikumwuliza Deo. Nilimwuliza mama, tena kwa heshima, kama anajua ile mistari ni ya nini.

"Ni ya Faustini," akasema. "Kazini kwao njo banafanyaka vile. Akiisha kukaza nati, anapiga mustari. Mustari ukivunjika, anajua nati imetembea."

Nikamwuliza kama labda mumewe alizifungua mwenyewe kabla ya kuugua, akasahau kupaka upya. Nilitaka kuwa mwenye haki. Shaka yangu haina ndugu, lakini haina adui pia. Mama akatikisa kichwa. Akasema Faustini hakuwahi kusahau. Akasema hata nati za tangi la maji alizipaka, hata za kitanda, na yeye alikuwa akimcheka. Akanionyesha tangi pale pembeni ya nyumba. Mistari ilikuwepo.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akafunga vizuri kitenge chake, akapiga magoti kwenye vumbi, akaniomba tochi, akaingiza kichwa chini ya tao la gurudumu. Alikaa pale muda mrefu. Alitazama mstari mmoja baada ya mwingine, akiigusa kwa kidole ile iliyovunjika. Alipotoka alikuwa na grisi shavuni, na hakuifuta.

"Shemeji," akasema, bila kupandisha sauti, "tangu Faustini afe, hii gari ilikuwa kwa nani?"

Deo akasema ilikuwa kwake, kila mtu anajua, lakini gari likikaa linachoka lenyewe, vyuma vinakulana, hata panya huingia ndani.

"Panya haifunguake nati," akasema mama.

 Deo aliangalia ziwa, akaangalia geti ambalo halikuwepo. Halafu akaketi kwenye kigoda changu na maneno yakaanza kumtoka. Kulikuwa na rafiki yake ng'ambo, Bukavu, mwenye gari kama hilo hilo, lililochoka. Rafiki akampa kitu kidogo ili wabadilishane: turbo kwa turbo, breki kwa breki. Alidhani mnunuzi atakuwa kijana wa kupenda rangi. Alidhani hatajua mtu. Kuhusu kumpa Innocent ufunguo ashuke mlima, aliapa hakufikiri kabisa. Nilimwamini kwa hilo, na ndilo lililonitisha zaidi. Mwizi anayefikiri unaweza kumkisia. Asiyefikiri atakuua huku akikutakia safari njema.

Mama hakumtukana. Alimwambia gari haliuzwi siku hiyo, wala halitatoka pale uani, na kwamba anataka vitu vya Faustini virudi. Kisha akamgeukia Innocent, akamwomba radhi kwa kitu ambacho hakukifanya. Kijana aliona haya hadi masikio. Akachukua kile kikombe chini, akamaliza chai iliyopoa.

Mambo yalikwendaje? Deo alirudisha breki. Rafiki yake alikuwa bado hajazifunga, zilikuwa zimekaa kwenye gunia. Turbo ilikuwa imeshafungwa, na rafiki akageuka si rafiki. Kwa hiyo Deo aliuza pikipiki yake, ikaagizwa turbo iliyofanyiwa ukarabati kutoka Kigali. Ndugu wa ukoo walitaka kikao kikubwa. Mama akakataa, alisema watoto wake watahitaji bado kumwita huyo mtu baba mdogo. Mimi na Innocent tukafunga kila kitu wenyewe, yeye akilala chini, mimi nikielekeza kutoka kwenye kigoda, tukabadilisha na mafuta ya breki, kwa maana gari likikaa, mafuta hayo hunywa unyevu na kwenye mteremko mrefu huchemka, pedali ikawa laini kama mkate. Matairi nayo tuliyabadilisha, ingawa kashata zake, ile miinuko ya mpira inayokanyaga barabara, zilikuwa bado ndefu. Mpira huzeeka, soma tarehe ubavuni mwake kabla ya kusifu kashata.

Na gari nililifanyia kipimo cha klachi, ambacho hapa kwetu tunaita ambrayaji. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia ya juu, achia pedali taratibu. Injini ikizimika, ni salama. Ikiendelea kunguruma kama haikukusikia, ambrayaji imekwisha. Hii ilizimika.

Innocent alilinunua. Watu wengi husimulia kwamba nilimkataza, si kweli. Nilimkataza kununua gari la Deo. Gari la Faustini nilimwambia anunue. Maman Neema alisisitiza kumweleza mbele yangu kila kilichovunjwa na kila kilichorudishwa, hata alipoambiwa inatosha. Nilimshuku mwanamke yule saa nzima, naye ndiye muuzaji pekee niliyekutana naye aliyesoma kasoro za mali yake kama mtu anayeungama. Sasa huwakuta wanunuzi wake mpakani asubuhi, ndoo za sambaza zimepangwa, na nasikia kwamba wachuuzi wa Bukavu hawapimi tena kilo zake mara ya pili.

Innocent alipita Nyungwe na mchumba wake. Nilimwonya kwamba turbo haizimwi ghafla ukitoka mlimani. Injini iache ingurume kidogo ipumue. Alinipigia simu kutoka upande wa pili wa msitu kuniambia kwamba wamefika na kwamba bibi harusi amelalamika jambo moja tu: kwamba anaendesha taratibu mno.

Swali la mwisho mnaloniuliza ni kama Deo alinichukia. Nilidhani hivyo. Kwa muda mrefu, akiniona njiani alivuka upande wa pili. Halafu asubuhi moja, nikiwa natengeneza kamba ya viatu hapa kibarazani, akaja akisukuma pikipiki iliyotumika, ya bluu, na nyuma yake mtu nisiyemjua. Akanisalimu kwa mikono miwili. Akasema anataka kuinunua, lakini ameona asiilipie kabla sijaiangalia.

Nikamwuliza kwa nini mimi, na mafundi wamejaa Kamembe nzima.

Akasogea karibu, akaangalia kama yule muuzaji anasikia, akaninong'oneza kwa uso wa mtu aliyeonewa na dunia.

"Mzee Shabani, bantu ba siku hizi banaibaka sana."

Nilimtazama vizuri mtu huyu aliyekuwa akinilalamikia wezi. Hakuwa anatania. Nikaacha kiatu changu pale chini, nikaingia ndani kutafuta miwani.